Bustani ya maji Dubai na Abu Dhabi: muiweke kwenye safari ya familia au muiache?

Naishi Sharjah mwaka wa kumi na moja sasa, na nyumba yangu imekuwa kituo cha kwanza cha ndugu wanaotoka Tanga, Dar es Salaam na Mombasa kuja kutembeza watoto. Hufika wakiwa wameshaamua mambo mengi: watakwenda Ferrari World, watakwenda IMG, zile bustani kubwa za michezo, watapanda Burj Khalifa. Swali moja ndilo hubaki hadi usiku wa kuamkia siku yenyewe: na ile bustani ya maji, yenye mabwawa na slaidi, tuiweke au tuiache?

Kwa kuwa huulizwa mwishoni, watu wakiwa wamechoka na pesa zimeanza kupungua, swali hilo hujibiwa vibaya. Wengi huichukulia bustani ya maji kama kachumbari ya kuongezea pembeni ya pilau. Siku ya maji ina nguo zake, masharti yake, uchovu wake na bajeti yake. Ikipangwa mapema inaweza kuwa siku ambayo watoto wataisimulia mwaka mzima. Ikichomekwa tu, nusu ya familia itakaa kwenye viti vya plastiki ikilinda mabegi kwa tiketi ya bei kamili.

Hatua zifuatazo ndizo ninazopitia na wifi zangu na dada zangu kabla hatujanunua tiketi hata moja.

Hatua ya 1: Anza na mwezi mtakaosafiri

Kabla ya kutazama bei, tazama kalenda ya shule. Familia za Tanzania huwa na likizo ndefu Juni na Desemba. Za Kenya hupata Aprili, Agosti na ile ndefu ya mwisho wa mwaka. Huku Ghuba miezi hiyo haifanani hata kidogo.

Kiangazi joto la mchana huvuka nyuzi 40, na Agosti unyevu wa bahari huwa mwingi kiasi kwamba miwani hushika ukungu ukitoka tu mlangoni. Ili uelewe ukali wake: serikali ya Falme za Kiarabu hukataza kazi za juani kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, saa 6:30 mchana mpaka saa 9:00 alasiri. Wajenzi waliozoea jua hilo miaka nenda miaka rudi huondolewa juani, nawe umpange foleni mtoto wa miaka sita? Kwa miezi hiyo nashauri mambo mawili tu: bustani za ndani na bustani ya maji. Zile za wazi zisizo na maji ziacheni kwa safari nyingine. IMG Worlds of Adventure ya Dubai, iliyofunguliwa 2016, iko chini ya paa na kiyoyozi. Warner Bros. World ya Abu Dhabi, ya 2018, ni hivyohivyo, na Ferrari World ya tangu 2010 sehemu yake kubwa iko ndani. Bustani kubwa za maji nazo hupooza maji yake wakati wa joto, kwa hiyo maji ndiyo mahali pa wazi pekee ambapo mtoto atavumilia. Kama mnakuja Agosti, basi bustani ya maji isiwe nyongeza. Iwe mojawapo ya siku kuu za safari.

Desemba na Januari mambo hugeuka. Mchana ni nyuzi 24 hadi 26 hivi, usiku huweza kushuka hadi 15. Wazungu huvua mashati na kusema kumepambazuka vizuri. Watoto wetu wa pwani, ambao kipupwe cha Tanga kikivuma tu wanatafuta sweta, hutetemeka. Maji yenyewe hupashwa moto. Baridi huwapata pale wanapotoka majini wakiwa wamelowa na kupanda ngazi za mnara wenye upepo, zamu baada ya zamu. Tena jua la Desemba huzama karibu saa 11:30 jioni, na bustani hufunga mapema. Kwa hiyo siku ya maji ya Desemba kwa kweli ni ile nafasi ya saa tano mchana hadi saa tisa alasiri. Bado inaweza kufaa kwa vijana. Kwa mtoto wa miaka mitatu, sioni faida.

Aprili ndiyo zawadi ya familia za Kenya: joto lipo na halijawa adhabu. Oktoba na Novemba vilevile, kwa wanaoweza kutoka nje ya likizo. Angalieni pia Ramadhani, kwa kuwa saa za kufungua bustani hubadilika, na hata Waislamu wenyewe tunajua kwamba siku ya funga si siku ya kupanda ngazi mia.

Hatua ya 2: Andika majina ya watakaolowa

Hatua hii ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo watu huiruka. Chukua karatasi. Andika jina la kila anayesafiri, na mbele yake moja kati ya haya: *atalowa*, *atakaa*, *sijui*. Usimwandikie mtu kwa kumdhania, mwulize. Kisha mwulize tena akiwa peke yake, kwa maana mbele ya watoto kila mama husema ataingia.

Anza na nywele, kwa sababu hili halimo kwenye mwongozo wowote walioandika watu wasio na nywele kama zetu. Mwanamke aliyekaa siku nzima kusukwa rasta ili apendeze kwenye picha za safari hataziingiza kwenye klorini siku ya pili. Na akiziingiza, zitakuwa nzito, zitachukua usiku mzima kukauka, na kiyoyozi cha hoteli kitampa maumivu ya kichwa. Dawa yake ni kupanga mapema: kama unataka kuingia majini, suka mistari ya kawaida iliyolala, uje na kofia ya kuogelea kubwa inayotosha nywele zako, na uziloweshe kwa maji safi na kupaka mafuta kabla hujaingia ili zisinywe klorini nyingi. Au panga siku ya maji mwishoni, kisha ukafumue ukirudi nyumbani. Watoto wa kike wahesabiwe pia.

Halafu nguo. Kwetu mtu huingia majini na fulana, kaptula ya jinzi, hata na kanga. Hapa hapana. Bustani za maji hutaka nguo zilizotengenezwa kwa kuogelea. Pamba hunyonya maji na kuwa nzito, na zipu za chuma, vifungo na jinzi hukwaruza slaidi. Nguo ya stara ya kuogelea, ile tunayoiita burkini, inakubalika bila shida mradi ni ya kitambaa cha kuogelea na haina vipande vinavyopepea. Desemba moja wifi yangu alifika getini na binti zake watatu wakiwa wamevaa suruali nyepesi za pamba na fulana ndefu, nguo nzuri kabisa za heshima, wakakataliwa kupanda slaidi. Duka la mle ndani lilikuwa na burkini, kwa bei iliyomtoa machozi. Alinunua mbili, binti wa tatu akashinda kwenye mto mtulivu wa mle ndani, juu ya boya, akizungushwa. Sharti lile lilikuwa limeandikwa siku zote, ila sisi hatukulisoma. Nunueni nyumbani, au kwenye maduka ya kawaida ya mjini siku ya kwanza mkifika.

Akina mama wasiopenda kuogelea mbele ya wanaume waulize pia kuhusu siku au usiku wa wanawake. Baadhi ya bustani zimekuwa zikitenga nyakati hizo, ila ratiba hubadilika msimu hadi msimu. Na mtoto wa kiume mkubwa hataingia humo, kwa hiyo familia itagawanyika.

Tatu, kuogelea kwenyewe. Nimezaliwa mita mia chache kutoka baharini na sikujua kuogelea mpaka nilipofika miaka 30. Watoto wetu wengi ni hivyo hivyo: wanalijua wimbi kwa sauti. Asiyejua kuogelea anaweza kabisa kufurahia bustani ya maji, kwani jaketi za kuelea hutolewa na slaidi nyingi huishia kwenye maji ya kina kifupi. Ila mtoto asiyejua kuogelea anahitaji mtu mzima mmoja wa kwake, aliye majini, anayeweza kumgusa kwa kunyoosha mkono. Hesabu hiyo ifanyeni kwenye karatasi yenu. Watoto wanne wasiojua kuogelea na watu wazima wawili walio tayari kulowa? Haijatimia. Waokoaji wapo na wanafanya kazi nzuri sana, lakini mwokoaji mmoja anaangalia vichwa vingi kwa wakati mmoja, na bwawa la mawimbi hufunika kichwa cha mtoto kwa sekunde ambazo wewe umeinama kutafuta simu.

Nne, afya. Mjamzito haruhusiwi kwenye slaidi kubwa, na mwenye mgongo mbovu, shingo mbovu au moyo wenye matatizo asijaribu. Jambo ninalotaka kulisema kwa sauti ni selimundu (sickle cell). Familia nyingi za kwetu zina mtoto mwenye ugonjwa huu, na kuingia kwenye maji ya baridi, kupigwa na upepo ukiwa umelowa na kukaukiwa maji mwilini ni vitu vinavyoweza kuamsha maumivu makali. Kwa mtoto huyo, Desemba kwenye mnara wa slaidi si mahali pake. Zungumzeni na daktari wake kabla ya safari. Akiruhusu, iwe siku ya joto, maji ya uvuguvugu, vipindi vifupi, taulo kavu mkononi mwako na maji ya kunywa kila mara.

Sasa hesabu majina. Kanuni yangu ni hii: kama walioandikiwa *atalowa* hawafiki zaidi ya nusu, bustani ya maji isiwe ya familia nzima. Gawanyikeni, au iacheni. Wale wa *sijui* wahesabu kama *atakaa*, maana ndivyo inavyokuwa.

Hatua ya 3: Pima kimo, bila viatu

Umri haufungui slaidi, kimo ndicho kinachofungua. Slaidi kubwa za Aquaventure ya Dubai, kwa mfano, hutaka mita 1.2. Mwanangu wa hiari, mtoto wa dada, alipimwa nyumbani mlangoni akiwa na raba na nywele zilizochongwa juu, akaambiwa amefika 120. Kwenye kibao cha kupimia, miguu mitupu, akawa 117. Alikuwa ameota ile slaidi inayopita katikati ya bwawa la papa kwa miezi mitatu. Kijana wa mnarani alimkatalia kwa upole, na alikuwa sahihi, lakini sisi wazazi ndio tuliomdanganya mtoto.

Mpime ukutani, visigino vimegusa ukuta, kitabu bapa kichwani. Kisha fungua tovuti ya bustani mnayoifikiria, uhesabu slaidi anazoruhusiwa na zile anazoruhusiwa akiwa na mtu mzima. Mwambie mapema, kwa majina. Mtoto wa sentimita 100 atakuwa na eneo la watoto, mto mtulivu na pengine boya la familia. Hayo yanamtosha kabisa kama hajaahidiwa kingine. Kumbukeni pia kwamba maboya ya familia huwa na kikomo cha uzito wa wote kwa pamoja, na huwa mnapimwa kwenye mzani kabla ya kupanda. Baba na wajomba wawili wanene hawatapanda boya moja.

Hatua ya 4: Jaribuni nyumbani kwanza

Tiketi ya Kunduchi, Dar es Salaam, au ya bustani ya maji ya Nyali, Mombasa, ni ndogo sana ukilinganisha na ya huku. Nenda na watoto mwezi mmoja au miwili kabla, tena siku nzima. Walio mbali na pwani watumie bwawa la hoteli yoyote lenye slaidi.

Usiende kustarehe tu. Angalia: maji yakimpiga usoni analia au anacheka? Akifika juu ya slaidi anashuka kwa slaidi au kwa ngazi? Baada ya saa ngapi anaanza kununa? Angalia pia wewe mwenyewe. Dada yangu alikuwa na hakika kwamba ataingia majini na wanawe, na kule Kunduchi akagundua kwamba hakuweza kuvua mtandio wake mbele ya umati hata akiwa na burkini kamili. Hilo halina kosa lolote. Alijua wiki sita kabla badala ya kujua getini, na tukapanga siku yake nyingine.

Hatua ya 5: Gawa bei kwa waliolowa

Bei hubadilika, kwa hiyo chukueni hizi kama mfano wa hesabu. Tiketi ya siku moja ya mtu mzima kwenye bustani kubwa mara nyingi huzidi dirhamu 250. Dola moja ni kama dirhamu 3.67, basi 250 ni dola 68 hivi. Familia ya watano: dirhamu 1,250, yaani dola 340. Sasa gawa kwa watu waliolowa kweli. Kama bibi na mama wamekaa, 1,250 mnawagawia watatu: kila aliyeingia majini amegharimu karibu dirhamu 417. Tamko hilo likisemwa mezani, baba wengi hubadilisha mpango wenyewe.

Ongezeni kabati la kufungia vitu, taulo kama hamkuja nazo, na chakula, kwani vyakula vya nje kwa kawaida haviruhusiwi isipokuwa vya mtoto mchanga au vya mwenye sharti la kiafya. Nepi za kawaida nazo hazikubaliki majini. Nunueni za kuogelea.

Kuna njia mbili za kupunguza. Ya kwanza ni hoteli. Wageni wanaolala Atlantis, The Palm huingia Aquaventure bila kulipa zaidi, na baadhi ya hoteli za kundi la Jumeirah zimekuwa na utaratibu kama huo kwa Wild Wadi, bustani nyingine ya maji ya Dubai. Hoteli hizo ni ghali, lakini usiku mmoja tu, mkatumia bustani siku ya kuingia na siku ya kutoka, waweza kukaribiana na gharama ya tiketi za watu watano pamoja na hoteli ya kawaida. Pigeni hesabu kwa tarehe zenu, na muulize kabla ya kulipa idadi ya watu chumba kinaowaruhusu. Ya pili ni tiketi za mchanganyiko, hasa za Yas Island kule Abu Dhabi, ambako Ferrari World, Warner Bros. World, Yas Waterworld na SeaWorld ziko jirani. Tiketi hizi ni nafuu kwa kila bustani, lakini zina mtego: huwafanya mwende bustani ya maji kwa sababu tu "tumeshalipa". Amueni kwa hatua ya 2 kwanza, halafu ndiyo mtazame mchanganyiko.

Hatua ya 6: Chagueni moja, na moja tu

Aquaventure, kwenye kisiwa cha Palm Jumeirah, ndiyo kubwa na ndiyo yenye majina makubwa. Ina slaidi zaidi ya mia moja, mto mrefu wenye mawimbi, eneo kubwa la watoto na ufuo wake. Treni ya Palm inawafikisha mlangoni. Ni ya familia yenye vijana warefu na wazazi wenye miguu. Kwa familia yenye watoto wadogo tu, ukubwa wake utawachosha bila kuwafaa.

Wild Wadi, chini ya hoteli ya Burj Al Arab, ni ya tangu 1999. Ni ndogo, na udogo huo ndio naupendea: mama anaweza kukaa sehemu moja na kuona karibu kila kitu. Imejengwa juu ya visa vya Juha, yule wa hadithi za Kiarabu ambaye Kiswahili kilimchukua hadi jina lake likawa neno letu la mtu mpumbavu. Watoto wangu walifurahi kuona "juha" ana bustani yake. Udogo wake haumaanishi unyonge, kwani slaidi yake ya juu zaidi huanzia kimo cha mita 32.

Yas Waterworld, iliyofunguliwa 2013, ndiyo ninayowapeleka wageni mara nyingi kama tayari wanalala Abu Dhabi. Imejengwa kwa kisa cha binti anayetafuta lulu iliyopotea, na kwa watu wa pwani waliosikia habari za wapiga mbizi wa Ghuba, kisa hicho kina maana. Ina slaidi za boya la familia ambazo mnapiga kelele pamoja, na kwangu hilo ndilo jambo kubwa: mtoto hakumbuki slaidi aliyopanda peke yake kama anavyokumbuka ile ambayo baba yake alifumba macho.

Legoland Water Park ni ya watoto wa miaka 2 hadi 12, na iko ubavuni mwa Legoland Dubai yenyewe. Hapa pekee ndipo ninapokubali nusu siku kavu na nusu siku ya maji, kwa kuwa hakuna safari katikati na watoto bado wadogo hawataki zaidi ya saa tatu majini. Kijana wa miaka 14 msimlete. Ataona mmemtukana.

Thibitisheni tarehe za kufunguliwa kabla ya kununua. Bustani za maji hufungwa kwa ukarabati, mara nyingi miezi ya baridi.

Hatua ya 7: Ipange pahali pake kwenye safari

Kwa safari ya siku saba, siku ya maji naiweka ya tatu au ya nne. Siku ya kwanza watu wana uchovu wa ndege. Siku ya mwisho mna nguo mbichi za kufungasha, masikio yaliyojaa maji na ndege usiku. Siku inayofuata bustani ya maji iwe ya polepole: duka, jumba la makumbusho, kutembelea jamaa. Msiipange siku ya Ferrari World baada yake. Miguu iliyopanda ngazi siku nzima haitasimama foleni kesho yake, hata kwa ile rolakosta inayofika kilomita 240 kwa saa.

Chagueni Jumatatu hadi Alhamisi. Tangu Januari 2022 mapumziko ya wiki Dubai na Abu Dhabi ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku, kwa hiyo wenyeji hujaa siku hizo. Wageni wenye taarifa za zamani bado huja Jumapili wakidhani ni siku ya kazi, wakakuta foleni za saa nzima.

Na msichanganye bustani ya maji na bustani kavu siku moja, ukiacha ile ya Legoland. Nimeona familia zikijaribu: asubuhi maji, saa tisa kubadilisha nguo watu sita kwenye vyumba vilivyojaa, nywele mbichi, mtoto amelala begani, kisha kuingia kwenye kiyoyozi kikali. Tiketi mbili zimelipwa na hakuna iliyotumika vizuri.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Mlango ukifunguliwa muwe mmesimama pale. Saa mbili za kwanza nendeni kwenye slaidi zenye foleni, huku watoto wadogo wakiwa na mtu mzima mwingine. Mto mtulivu na ufuo uacheni kwa alasiri. Paka losheni ya kukinga jua nusu saa kabla, hata kama ngozi yako ni nyeusi kama yangu: maji na sakafu nyeupe hurudisha jua usoni, na mabega ya watoto wetu huungua, ila wekundu hauonekani ndiyo maana huwa tunachelewa kujua. Viatu vya mpira vya majini ni vya lazima wakati wa joto, sakafu huchoma.

Wekeni mahali pa kukutana penye kitu kisichohama, na saa ya kukutana. Simu zitakuwa kwenye kabati. Mtoto mdogo avae rangi moja kali tofauti na bluu; mtoto wa bluu ndani ya maji ya bluu haonekani. Kuleni kabla ya saa sita au baada ya saa nane. Nyie wazazi peaneni zamu za nusu saa za kuangalia majini, kwa kutajana: "Sasa ni wewe." Pale ambapo kila mtu anaangalia, hakuna anayeangalia.

Kila baada ya saa moja na nusu watoeni nje, wanywe maji, wavae taulo kavu. Midomo ikianza kuwa na rangi ya zambarau au mtoto ameacha kuongea, siku imekwisha kwake. Msibishane naye wala na tiketi.

Wakati ninaposema iacheni

Mnakuja Desemba na watoto wote wako chini ya miaka minne: bwawa la hoteli lililopashwa moto linawatosha. Safari ni ya siku nne tu: bustani mbili za ndani, siku moja ya mji, siku moja ya kupumua. Mna mtu mzima mmoja na watoto watatu wasiojua kuogelea: hapana kabisa, hata tiketi zikitolewa bure. Bajeti imebana kiasi kwamba bustani ya maji itawanyima chakula kizuri jioni: nendeni Kite Beach, ufuo wa wazi usio na kiingilio, mchanga safi, bafu za kusuuza, na Burj Al Arab kwa mbali kwa ajili ya picha. Watoto wa bara ambao hawajawahi kuiona bahari watafurahi huko kuliko kwenye slaidi yoyote.

Na pale familia inapogawanyika, msione vibaya. Mwaka jana baba alikwenda na vijana wanne Aquaventure, kila mmoja wao amelowa, hesabu imetimia. Mimi nikamchukua mama mkubwa, mwenye miaka 71 na magoti yake, tukaenda Deira, mtaa wa zamani wa Dubai. Tulikaa ukingoni mwa hori, mkono wa bahari unaoingia mjini, kutazama majahazi yakipakia friji na magurudumu, tukasikia Kiswahili cha Unguja kutoka meza ya jirani, mama mkubwa akaanza kuulizana nao koo hadi wakapatana ndugu. Kisha tukapanda abra, mashua ndogo ya kuvushia watu, kuvuka kwenda Bur Dubai ng'ambo na kurudi, mara tatu, kwa sababu alitaka. Nauli ni dirhamu moja kwa mtu.